Shahidi Aliyeona Mishono

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu, vuta kiti. Nitakueleza kwa kifupi, maana wenzako wameshanizoea.

Mimi ni fundi wa makochi. Nilikuwa na mdogo wangu, kitindamimba wa mama, kijana wa miaka kumi na sita tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Siku moja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tulimwacha karakanani peke yake. Mimi na baba tulikuwa hotelini tunatengeneza viti. Baba mdogo alikuwa mnadani, anatafuta makochi chakavu. Tuliporudi jioni tulikuta mlango umepigwa kufuli na Chiriku hayupo. Hajaonekana mpaka leo, si yeye wala kiatu chake.

Baba alikufa kwa kihoro. Mimi sikufa. Mimi nilipata kazi ya pili, kazi ya kumchukia muuza mbao.

Yadi yake iko ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na sisi. Siku chache kabla mdogo wangu hajapotea, mtu yule alimkamata Chiriku akichukua vipande vya mbao, akamburuta hadi barabarani, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Nikimkamata tena huyu, hamtamwona!" Na kweli hatukumwona. Polisi walimhoji wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mimi sikumwachia.

Mlionifuata toka mwanzo mnajua niliyoyafanya. Nilivunja uchumba na mtoto wake wa kiume, mwanamume niliyempenda hadi nikakonda, kadi za harusi zikiwa zimeshagawiwa. Nilimharibia wateja. Nilimzomea kwenye mazishi ya mkewe na sikuona haya. Na wiki iliyopita niliishia pale Baba mdogo alipoingia karakanani akihema, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, shahidi amepatikana."

Sikungoja aeleze zaidi. Niligeuza shati, nikatoka mbio.

Kituoni mpelelezi alinishangaa. Ni dada mdogo, sauti ya chini, aliyekabidhiwa kesi za zamani ambazo wakubwa wake walishazikatia tamaa.

"Umejuaje?" akaniuliza. "Nilikuwa ndiyo nataka kukupigia simu."

"Habari njema zina mbio," nikamjibu. "Yuko wapi?"

Alikuwa chumba cha ndani, kwenye benchi. Nilimtambua papo hapo. Ni yule dereva aliyekuwa akituletea sponji kutoka kiwandani enzi za baba. Zamani alikuwa pande la mtu, anashusha mzigo wa sponji huku akipiga mluzi. Sasa amebaki mifupa na kikohozi.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwa meno.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima."

"Wengine tulipata nafasi hiyo."

Akainamisha kichwa. Mpelelezi akanionyesha kiti, akamwambia arudie aliyoyasema, polepole, kama vile hajawahi kuyasema.

"Siku ile nilileta mzigo," akaanza. "Nikakuta karakana imefungwa. Nikaegesha lori, nikasema nivute sigara moja, huenda mtu akatokea. Ndipo nikamwona yule kijana barabarani, mbele ya yadi ya mbao. Mwenye yadi kamkaba shati kifuani, anamvutia ndani. Kijana anapiga kelele. Geti likafungwa. Basi."

"Basi?" nikaruka. "Unasema basi? Na sigara yako ukaimaliza?"

"Dada," mpelelezi akanikanya.

"Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa na watoto wadogo, na yule mtu alikuwa na vijana wake pale, mapande ya watu."

"Na sasa huogopi?" mpelelezi akamuuliza.

"Sasa naumwa, afande. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali. Sitaki kwenda na mzigo huu."

Machozi yalimtoka. Mimi yangu hayakutoka, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nisije nikamrukia.

"Kijana alivaa nini?" mpelelezi akauliza.

"Shati. La drafti, la bluu."

Mpelelezi hakutikisika. Picha ya Chiriku na shati lake la drafti ilibandikwa kwenye kila nguzo ya mji huu mpaka ikachakazwa na mvua. "Hilo hata mimi nalijua, mzee," akasema, "na wakati ule nilikuwa chekechea. Nipe kitu ambacho hakikubandikwa."

Mzee akakohoa. Akafumba macho. Akakaa hivyo hadi nikadhani amelala.

"Lakini hizo drafti hazikuonekana vizuri," akasema. "Alikuwa amelivaa ndani nje. Mishono yote iko nje. Hata lebo ya kola ilikuwa imesimama hapa." Akajigusa kisogoni.

Msomaji wangu, nilisimama bila kujua nimesimama.

Acha nikueleze ujue kwa nini. Sisi nyumbani kwetu tukiingia kazini tunageuza mashati. Gundi, vumbi la sponji, nyuzi za magunia, vyote vinaishia upande wa ndani. Kazi ikiisha unageuza tena, unatoka safi kama karani wa benki. Baba ndiye aliyeanzisha mtindo huo na sijaona karakana nyingine yenye nao. Hakuna bango lililoandika jambo hilo. Hakuna redio iliyolitangaza. Hata polisi hatukuwaambia, maana nani angefikiria kuwaambia?

"Ni kweli!" nikapiga meza. "Afande, huyu alimwona! Hawezi kulijua hilo kama hakumwona! Nenda kamchukue yule shetani sasa hivi, mimi nitakuonyesha geti!"

Mpelelezi akanishika mkono, akanitoa hadi kwenye korido.

"Inaonekana kweli alimwona," akasema. "Ila mtu aliyekaa kimya miaka yote hii simmezi mzima mzima. Nenda nyumbani, utulie, uyafikirie maneno yake moja moja. Kesho uje uniambie kama unayathibitisha. Ukithibitisha, namkamata. Na habari ya shati usimwambie mtu."

"Mimi nimetulia zaidi ya miaka ishirini, afande. Nikitulia zaidi ya hapo nitaota mizizi."

"Kesho," akasema, akaniachia.

Nilirudi karakanani nikitembea kama bibi harusi. Yadi ya mbao niliitazama kwa tabasamu. Nilimwona mwenyewe kakaa getini na penseli sikioni, anapima ubao, nikasema moyoni: pima vizuri, mzee, kitanda cha huko unakokwenda ni cha simenti.

Baba mdogo alinipokea mlangoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kuvuta kitambaa bila kukikunja. Ndiye aliyenishika kiunoni siku tunamzika baba nisije nikaingia kaburini. Na kila mwaka, kila nilipoonekana kulegea, ndiye aliyekuwa akinikumbusha: usisahau nani alitufanyia hivi.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amemtaja."

Akapiga makofi. "Nilikwambia! Si nilikwambia? Sasa usilegee, mwanangu. Kesho kaweke sahihi, tumalize. Baba yako atalala."

Mama alikuwa kwenye kona yake anavalisha vitambaa vifungo vya makochi, kazi yake siku zote tangu macho yalipoanza kumsumbua. Hakusimama. Hakuuliza ni nani aliyetajwa.

"Alimwona wapi?" akauliza.

"Barabarani, Mama. Mbele ya yadi. Anamvutia ndani."

"Barabarani," akarudia, akavuta uzi. "Hebu achana na mambo hayo, mwanangu. Yule mzee naye ameshazeeka. Mwachie Mungu."

Damu ilinichemka. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Hajawahi kumlaani muuza mbao hata kwa bahati mbaya. Alipofiwa na mkewe, mimi nilizomea na mama alipeleka pole. Nilidhani ni upole, na upole ule ulikuwa ukinikera kuliko ubaya wa adui mwenyewe.

"Wewe mwachie Mungu," nikamwambia. "Mimi namwachia askari magereza."

Niligeuza shati nifanye kazi. Kazi haikufanyika. Nilikata kitambaa cha mteja upande usiotakiwa, nikakitupa. Moyo ulikuwa ng'ambo ya barabara. Nikasema, hapana, sitangoja kesho, nataka kuuona uso wake akiwa anajua. Nikatoka na mkasi mkononi, sijui hata kwa nini niliubeba.

Muuza mbao aliuangalia mkasi kwanza, mimi baadaye.

"Umekuja kunichoma?"

"Nimekuja kukuaga. Kesho unalala ndani."

"Nani kasema?"

"Aliyekuona."

Nilimkodolea macho nimwone akitetemeka. Hakutetemeka. Alichukua penseli sikioni, akaiweka mfukoni.

"Binti, nyinyi mlinihukumu zamani," akasema. "Mke wangu alikufa anaitwa mke wa muuaji. Mwanangu hajanisamehe kwa kukukosa wewe, kaoa, kazaa, na bado hajanisamehe. Hao polisi wataniongezea nini?"

"Watakuongezea kufuli."

"Sawa. Nitakwenda." Akanitazama toka shingoni hadi kiunoni, na mdomo ukamcheza. "Ila kabla ya kunifunga, nenda kageuze shati. Umetoka na mishono nje."

Nikajiangalia. Kweli. Kwa ghadhabu yangu nilikuwa nimevuka barabara na shati la kazini, nyuzi zinaning'inia kama mtu aliyetoroka wodi ya wagonjwa wa akili. Uso uliniwaka.

Yeye akacheka, cheko la mtu aliyesahau kucheka. "Miaka yote nimekaa hapa naukodolea macho mlango wenu, sijawahi kuona mmoja wenu akivuka barabara hivyo. Marehemu baba yenu angewapiga na nyundo. Hata huyo mdogo wako, pamoja na utundu wake wote! Alikuwa anasimama pale kizingitini, anageuza shati, anajikung'uta vumbi, anachana nywele kwa vidole, ndipo anakuja kuniibia mbao. Mwizi nadhifu, sijaona."

Nilifungua mdomo nimtukane. Tusi halikutoka.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kabisa, na mimi ndiye niliyepaswa kuisema kule kituoni, kabla ya kupiga meza. Shati lilikuwa ndani nje karakanani tu. Baba alisema barabarani si karakana, na neno hilo tulilifuata kuliko amri za shule. Na Chiriku, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa anajitazama kwenye kila kioo cha gari, ndiye angetoka na mishono nje wasichana wamwone?

Dereva hakumwona mdogo wangu barabarani. Alimwona ndani. Karakana haikuwa imefungwa. Aliingia, akamwona Chiriku na shati la kazini, lebo imesimama kisogoni, na leo alipobanwa atoe kitu cha kweli, alichomoa hicho hicho, akakibandika kwenye uongo.

Nitakuambia na lile la aibu, maana niliahidi kutokuficha kitu kwenye ukurasa huu. Nilitaka kunyamaza.

Ndiyo. Nilisimama pale mbele ya adui yangu nikapiga hesabu. Ameshaingia mtegoni. Kilichobaki ni mimi kufunga mdomo na kesho kusema "nathibitisha". Nilimtaka afungwe hata kama hakufanya. Nilishamlipia mtu yule kwa ndoa yangu na kwa ujana wangu wote, na ukishalipia kitu namna hiyo huwezi kuambiwa tu kwamba ulikosea duka.

Lakini wazo jingine likanipanda, baya kuliko hilo. Mtu amemfundisha dereva maneno. Mtu huyo bado yupo, anakula, anacheka, ananiona mimi nikimla jirani nyama huku yeye akifurahi. Na mpelelezi alikuwa ameniuliza swali asubuhi ile nikalijibu kwa utani: umejuaje? Hakuwa amempigia mtu yeyote. Habari niliipata kwa Baba mdogo.

Baba mdogo aliipata kwa nani?

"Vipi, binti?" muuza mbao akasema. "Umegeuka rangi."

Nilirudi upande wetu, nikapita nyuma ya karakana, nikampigia mpelelezi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimekuelewa," akasema. "Ila wakili yeyote atasema kijana alisahau siku moja, kama ulivyosahau wewe leo. Neno lako na la mtuhumiwa hayatoshi. Nahitaji mtu mwingine wa karakana yenu aseme Chiriku hakutoka hivyo."

"Nikikupa Baba mdogo?"

"Atakubali kusema?"

"Nikimuomba, hatasema. Amewahi kukuona?"

"Hapana."

"Basi kesho usiningoje huko. Njoo wewe, na kiti."

Usiku ule nilikula meza moja na Baba mdogo. Alinimegea mkate. Alinitania kwamba nikishamfunga muuza mbao nitafute mume, kabla sijageuka kochi chakavu. Nilicheka. Msomaji, sijui hata nilicheka kwa mdomo wa nani.

Asubuhi mpelelezi alifika na kiti cha ofisini kilichopasuka, amevaa gauni na viatu vya wazi, huwezi kumdhania. Baba mdogo akamkaribisha kwa bashasha zake zote.

"Karibu, mwanangu! Kiti kimekusaliti?"

"Kimenichania nguo tatu, mzee wangu."

"Basi kimekutana na wenyewe. Kaa hapo."

Akamkalisha kwenye benchi la wateja, karibu na mlango. Mama alikuwa konani na vifungo vyake. Barabarani watu wanapita, na ng'ambo muuza mbao kakaa getini, akingoja kukamatwa kama mtu anayengoja gari la taka.

"Huendi kituoni?" Baba mdogo akaninong'oneza.

"Nakwenda sasa hivi."

Shati langu lilikuwa ndani nje. Nikachukua mkasi nikatie uzi mmoja uliokuwa unaning'inia kwenye kochi la mlangoni, nikajifanya nimeusahau mkononi, nikatembea. Nikavuka kizingiti. Mguu mmoja ukawa barabarani.

"We! Rudi hapa!"

Sauti ilikuwa ya Baba mdogo, lakini ukali ulikuwa wa baba mwenyewe.

"Nini tena?"

"Geuza shati! Unakwenda wapi hivyo?"

"Si hapo tu, Baba mdogo. Nani atanitazama?"

"Hapo tu ni wapi? Barabarani si karakana!" Akamgeukia mpelelezi, akatikisa kichwa. "Unamwona huyu, mwanangu? Fundi mzima! Toka karakana hii ifunguliwe hajatoka mtu hapa na mishono nje. Hata mmoja."

"Wazee wa zamani mlikuwa wakali," mpelelezi akasema taratibu.

"Ukali wa heshima. Mteja akikuona mchafu atakupa kiti chake?"

"Hata Chiriku?" nikauliza.

Nilijitahidi sauti itoke nyepesi, kama natania. Na ikatoka hivyo.

"Hata Chiriku!" Baba mdogo akaruka nayo, raha ya kumsimanga mtoto wa watu imemnogea. "Yule si ndiye alikuwa msumbufu! Siku ile nimemzuia mlangoni pale pale ulipo, nikamwambia huvuki mlango huu mpaka ugeuze..."

Akakoma.

Mkono ulibaki hewani, unanionyesha mlango.

Nilirudisha mguu ndani. "Siku ile ipi, Baba mdogo?"

"Si... siku zile. Nimesema siku zile."

"Umesema siku ile. Siku ile ulikuwa mnadani."

"Usinikamate ulimi, mtoto."

"Umemzuia asitoke kwenda wapi? Alikuwa anakimbilia wapi na shati la kazini? Dereva yuko wapi wakati huo, anashusha sponji? Anatazama?"

Aliangalia benchi. Mpelelezi alikuwa amesimama, na gauni lile halikumfichia chochote tena. Nadhani hapo ndipo Baba mdogo alipoelewa ni mteja wa namna gani. Hakukimbia. Alikaa juu ya rundo la sponji, likabonyea chini yake, akaonekana mdogo sana, mzee wa watu.

Nilimwendea. Kama kuna siku nilikuwa tayari kuua, ilikuwa hiyo. Si ile chuki ya kuvukia barabara, ile nilishaizoea kama maumivu ya mgongo. Hii ilikuwa mpya. Mtu huyu aliniacha nimzomee mfiwa kaburini, niuvunje uchumba wangu kwa mikono yangu, nizeeke nikitazama geti lisilo na kosa, na kila mwaka akija kunichochea moto usizime.

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

Hakuniangalia mimi. Aliangalia konani.

"Shemeji," akasema, "niseme mimi, au utasema wewe?"

Kibakuli cha vifungo kilianguka. Vifungo vilisambaa sakafuni, vingine vikabingirika hadi kwenye miguu ya mpelelezi, na hakuna aliyeinama kuviokota.

Mama alikuwa ameshika sindano. Uzi haukuwepo. Nikakumbuka jana, katikati ya furaha yetu, hakuuliza nani katajwa, hakuuliza kwa nini. Aliuliza alimwona wapi.

"Mama?"

Akautazama mlango, watu wanavyopita, jua linavyoingia.

"Mwanangu," akasema, "funga mlango."

Nilikwenda mlangoni. Nikaushika. Mpelelezi aliniacha niamue. Maisha yangu yote nilitaka siku hii iwe yangu peke yangu, ndani ya kuta nne, bila polisi, bila jirani, mimi na aliyetufanyia hivi. Mlango ulikuwa unanipa hiyo siku.

Niliusukuma ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Kisha nikaita kwa sauti yote niliyonayo.

"Mzee wa mbao! Njoo huku! Njoo ndani, na wewe inakuhusu!"

Alivuka barabara polepole, penseli ikiwa sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga kwetu tangu siku ile. Alisimama kizingitini, akamwona Baba mdogo juu ya sponji, akamwona mama, akavua kofia.

"Sema sasa, Mama," nikamwambia. "Wote tupo."

Mama aliinuka kwa kushika ukuta. Alinipita mimi mwanawe bila kuniangalia, akakanyaga vifungo vyake mwenyewe, akaenda kusimama mbele ya muuza mbao.

"Nisamehe, jirani," akasema. "Nilijua si wewe."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikujua niugeuzie nani.